Mwalimu na Tela la Maji

Mtaani kwetu, hapa Singida mjini, kila mtu alimwita Mwalimu, hata wale ambao hawakuwahi kukaa darasani kwake. Mimi nilikaa. Alinifundisha hesabu na stadi za kazi darasa la tano na la sita. Miaka mingi baadaye, yeye akiwa amestaafu na mimi nikiwa mwanamke mwenye kazi yangu, tulitengeneza pamoja kitu ambacho watu walikipenda sana. Kisha akanisaliti. Nalisema hilo mapema ili asiwepo wa kudhani nalificha. Lakini nikianza na usaliti sitaweza kumwonyesha alivyokuwa, na asiyejua alivyokuwa hataelewa kwa nini iliniuma kiasi kile.

Alikuwa mrefu, mwembamba, wa shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo mpaka shingoni, hata mwezi wa kumi jua likiwa linachoma. Mfukoni hazikukosekana penseli mbili, moja ndefu na moja fupi. Ile fupi ilikuwa ya kuazimisha. "Penseli ukimwazima mtu hairudi," alisema, "basi iondoke iliyokwisha." Alicheka kwa pua, bila kufungua mdomo, na mtu asiyemzoea alidhani anapiga chafya.

Tepu ya kupimia alikuwa nayo, lakini hakuiamini peke yake. Tulipotaka kujua benchi liwe na kimo gani, alimwita jirani yangu aliyekuwa na mimba kubwa, akamwomba aketi juu ya matofali. Akaongeza tofali, akatoa, akaongeza tena, mpaka yule dada akasema, "Hapo hapo, Mwalimu. Hapo mgongo haunisumbui." Ndipo akatoa tepu.

"Benchi halikaliwi na tepu," aliniambia huku akiandika.

Ndege nao aliwapima vivyo hivyo. Aliweza kukaa asubuhi nzima kwenye kigoda, mbele ya dumu lililokatwa na kujazwa maji, akiangalia tetere wanavyotua. Akagundua kwamba tetere hainami kunywa kama haoni kilicho nyuma yake. Akagundua kwamba nyuki wanazama kwenye beseni laini, lakini ukitandika kokoto na kipande cha gunia wanakunywa na kuondoka salama. Mambo hayo aliyaandika kwenye daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma, kwa mwandiko uleule aliokuwa akiandika ubaoni.

Sasa niseme tulichotengeneza.

Mjini kwetu maji hutoka kwa mgao. Wiki hii bomba la mtaa huu, wiki ijayo la mtaa ule. Maziwa yapo mawili pembeni ya mji, makubwa, yanameremeta, lakini ni ya chumvi. Kiangazi kikikolea, kuanzia mwezi wa saba mpaka mvua zitakapoamua, viumbe vyote vinavyotaka maji baridi vinakuja pale watu wanapochota. Wanakuja nyuki, njiwa, mbwa wasio na mwenyewe, na pimbi wanaoshuka kutoka kwenye yale mawe makubwa yaliyozunguka nyumba zetu. Na wanakuja kasuku wadogo, wale wa kijani wenye shingo ya njano na duara jeupe kuzunguka jicho, ambao mchana hushinda kwenye mashamba ya alizeti na jioni hurudi mjini kwa makelele kama watoto waliofunguliwa shule.

Kugombea maji huko kulileta balaa. Nyuki walikuwa wanajaa mdomoni mwa bomba, mwanamke akiinama kutega ndoo wanamshambulia. Mama Hadija, mwenyekiti wa kamati ya maji ya bomba letu, aliumwa uso mzima mpaka macho yakafumba siku tatu. Kamati ikaamua kununua dawa na kuwapulizia nyuki wote. Watu wakakubali, na mimi nilikuwa miongoni mwao.

Wiki hiyohiyo Mwalimu alikuja kwenye duka la steshenari nilikokodi kona ya kuchorea ramani za nyumba. Aliweka mezani karatasi iliyochanwa kwenye mfuko wa saruji. Ilikuwa na mchoro wa kitu kama mkokoteni wenye paa.

"Wakipuliza dawa watakufa wa leo," alisema. "Kesho watakuja wengine. Nyuki hawaji kwa ubaya, wanakuja kwa kiu. Tuwape maji yao, hatua kumi kutoka bombani, watatuachia yetu."

"Na paa la nini?"

"Watu wanaokaa juani kwa saa nne kusubiri foleni hawatakubali kitu cha nyuki peke yao. Lazima na wao wapate chao. Kisha kitembee. Mgao ukihamia mtaa mwingine, nacho kinahama. Nichoree vizuri. Wewe una mkono kuliko mimi."

Sentensi hiyo ya mwisho ilinijaza kichwa. Mwalimu wangu wa darasa la tano ananiambia nina mkono kuliko yeye! Nilikwenda kuwaomba wanawake wa bombani waiache dawa kwanza, nikachora usiku na mchana, na baada ya miezi miwili mchomeleaji mmoja wa kule kwenye viwanda vidogo vya kukamulia alizeti alitukabidhi tela la kwanza.

Lilikuwa na magurudumu mawili ya pikipiki, na wanawake wawili waliweza kulisukuma hata kwenye mchanga. Upande mmoja benchi la watu sita, paa la turubai na kibao cha kimo cha kiuno cha kuwekea ndoo kabla ya kuitwika, ili mtu asiinue kutoka chini. Upande wa pili, nyuma ya ukuta wa bati, palikuwa na masinia. La juu la ndege, pana, lililo wazi pande zote. La kati la nyuki, lenye kokoto na gunia. La chini kabisa la mbwa na pimbi. Miguu ya sinia la juu ilivishwa makopo yaliyopinduliwa ili paka asipande. Maji ya masinia yalikuwa yale yaliyomwagika bombani, yakiletwa na mpira. Hakuna tone la ndoo ya mtu lililotumika.

Siku ya kwanza watu walisimama mbali. Siku ya tatu nyuki wote walikuwa wamehama bombani, wamejaa kwenye gunia lao wanavuma, na Mama Hadija alikuwa amekaa kwenye benchi na uso wake bado una alama, anachambua mchicha.

"Mwalimu," akasema, "mimi nilidhani umri umekuzidi. Nisamehe."

Akacheka kwa pua.

Baada ya hapo kila mtaa ulilitaka. Tukatengeneza la pili na la tatu. Zahanati iliomba liwekwe nje siku ya kliniki ya watoto. Mwalimu alikuwa mtu wa kanisani, anaimba besi kwenye kwaya, lakini siku za Ijumaa alikuwa analisukuma mwenyewe mpaka karibu na msikiti ili wazee wapate pa kukaa wakivua viatu. Imamu alimtania kwamba bado kidogo tu atasilimu.

Ukali wake ulikuwa kwa watoto wenye manati. Akimwona mtoto ameshika manati karibu na tela, alimwita kwa upole, akamkalisha kwenye benchi, akamwomba ile manati kama anayetaka kuikagua. Kisha alitoa kisu akakata mpira, akamrudishia kijiti. "Hiki chezea," alisema. Mtoto mmoja alikwenda kumshtaki kwa baba yake, baba akaja amevimba. Mwalimu akamwonyesha kasuku saba waliopanga mstari ukingoni mwa sinia, wakinywa kwa zamu. Yule baba akasimama pale dakika kumi nzima, akasahau alichojia. Wale ndege walikuwa wamezoea watu kiasi kwamba ungeweza kuhesabu manyoya ya shingo zao. Wanawake waliwaletea makapi ya alizeti. Bibi mmoja aliwapa majina ya wakwe zake.

Na alikuwa mtu wa haki katika kazi, au hivyo niliamini. Kila mchoro uliotoka mezani kwangu alinirudishia nisaini. "Aliyechora aandike jina," alisisitiza. "Mimi sijachora, sitii jina." Nilikuwa nimeshafanya kazi na mafundi wengi wanaochukua ramani ya mwanamke na kuiita yao. Huyu alikataa hata herufi moja. Nilikwenda nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba katika maisha yangu sijakutana na mtu mnyofu kama yule. Niliyasema hayo kwa sauti, nakumbuka hata nilipokuwa nimesimama.

Yapo ambayo niliyaona na sikuyatilia maanani. Simu yake ikiita aliondoka kwenda kuongelea mbali, mtu ambaye kwa kawaida aliongea mbele ya kila mtu. Ukimuuliza tela litakuwa wapi wiki ijayo alikwambia "tutaona," ilhali ratiba ya mgao ilikuwa imebandikwa ukutani. Aliyapangia njia yale matela peke yake, akawa hataki kamati iingilie. Nyumba yake ilipata bati jipya mwaka huo, nikafurahi, nikasema hatimaye kiinua mgongo chake kimetoka. Na mara moja, tukiwa tumekaa bombani, nilimsikia akihesabu kasuku kwa sauti ya chini. Nilidhani anafurahia. Mwalimu wa hesabu huhesabu.

Kisha zikaja kulabu.

Anayeijua Singida anajua upepo wake. Mwezi wa nane tela la pili lilipeperushwa turubai lote likaenda kutua juu ya paa la kiwanda cha mafuta. Mwalimu akaja na karatasi yake. Alitaka kwenye matela yote nguzo nne za pembeni zirefushwe kidogo, na juu ya kila nguzo kulabu ya chuma.

"Za kukazia turubai," alisema.

"Lakini hizi ziko upande wa masinia," nilimwambia. "Turubai liko upande wa benchi."

"Upepo unatoka huku." Akaonyesha kwa penseli. "Kamba ikivuta kutoka upande wa pili, paa halinyanyuki."

Ilikuwa na mantiki. Nilichora kulabu nne, nikapima umbali kati ya nguzo na nguzo kama alivyonitajia, kipimo cha ajabu kidogo, kisicho cha turubai lolote ninalolijua. Nilisaini.

Miezi miwili baadaye kasuku wakaanza kupungua. Mtaani kwetu tuliwaona wiki nzima ya mgao, wengi, halafu tela likahamishiwa mtaa mwingine na wao wakatoweka. Nilidhani wamelifuata. Nilipokwenda mtaa ule waliniambia walikuwepo, lakini siku tatu hizi hawaonekani. Mtaa wa tatu, hivyo hivyo. Yule bibi wa wakwe alinisimamisha njiani. "Mwanangu, wanangu wameenda wapi?" Nilimuuliza Mwalimu.

"Ndege ni wasafiri," alisema. "Mavuno ya alizeti yamekwisha. Wameenda huko Iguguno kutafuta masalia."

Nikamwambia bibi wameenda Iguguno.

Siku niliyojua ilikuwa Jumatano, alfajiri, ndiyo kwanza kumeanza kupambazuka. Mpira wa maji wa tela letu ulikuwa unavuja, na nilitaka kuufunga kabla mgao haujaanza na watu hawajajaa. Tela lilikuwa limeegeshwa uwanja wa nyuma ya ghala moja jirani na bomba, mahali pa wazi chini ya mawe. Nilipokaribia nilisikia makelele ya kasuku, nikafurahi. Nikasema kimoyomoyo, wamerudi.

Wavu ulikuwa umening'inia kwenye zile kulabu nne. Ulikaa sawasawa, bila kulegea popote. Wanaume wawili nisiowafahamu walikuwa wanatoa kasuku mmoja mmoja kutoka kwenye matundu na kuwaingiza kwenye kreti za nyanya zilizozibwa kwa chandarua. Kreti tatu zilikuwa zimeshajaa. Mdomo mmoja mwekundu ulikuwa umetokeza katikati ya mbao mbili, unafunguka na kufungika.

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye benchi, upande wa watu, ana chupa ya chai mapajani. Vifungo vyote vimefungwa. Aliniona, akamimina chai kwenye kifuniko, hakuinuka.

"Umeamka mapema," alisema.

Nilitazama kulabu, nikatazama mikono yangu. Mmoja wa wale wanaume akauliza, "Huyu nani?"

"Huyu ndiye mchoraji," Mwalimu akamjibu, kwa sauti ileile aliyokuwa akinitambulisha nayo kwa wageni wa kanisani. Yule mwanaume akaniamkia kwa heshima, kama vile mimi ni mwenzao.

Niliondoka bila kufunga mpira. Nilipofika nyumbani nilikaa jikoni, mume wangu ananiuliza, namjibu kwa kichwa. Nilichokuwa nakifikiria kilikuwa cha kijinga: kwamba labda kuna maelezo. Labda wana kibali. Labda wanawapeleka mahali pa usalama. Nilimtengenezea Mwalimu sababu kumi, moja baada ya nyingine, siku mbili nzima, na yeye hakuja kunipa hata moja.

Siku ya tatu nikaenda kwa Mama Hadija. Nilimweleza yote, pamoja na kwamba kulabu nilizichora mimi. Alinisikiliza akiwa anatwanga karanga kwenye kinu. Hakunyanyua kichwa.

"Wewe ndiye uliyetuambia tuwaachie maji," alisema mwishowe. "Tungepuliza dawa tangu mwanzo, kasuku wasingezoea. Wasingeshuka. Wangekuwa huru huko walikokuwa."

"Ndiyo, mama."

"Basi twende."

Tulikwenda pamoja kwa maofisa wa wanyamapori. Nilipeleka nakala yangu ya mchoro, nikaonyesha kulabu, nikataja uwanja wa nyuma ya ghala. Ofisa aliandika kwa makini, akatushukuru. Jioni hiyo wakamchukua Mwalimu nyumbani kwake, mbele ya watu. Wale wawili walishaondoka na kreti zao, na hawajapatikana mpaka leo.

Kesho yake wakaja kunichukua mimi.

Mwalimu alikuwa ametoa maelezo. Hakupiga kelele, hakukana. Alisema yeye ni mzee mstaafu, hajui kuchora, na kifaa kizima kimebuniwa na mtaalamu. Akawapa michoro yote, iliyokunjwa vizuri ndani ya faili, kila ukurasa na jina langu chini yake. Jina lake halikuwepo popote. Ofisa yuleyule aliyenishukuru jana akageuza ukurasa mmoja mmoja mbele yangu.

"Hii ni saini yako?"

"Ni yangu."

"Na hii ya kulabu?"

"Ni yangu."

"Sasa unatuambia aliyechora hajui alichochora?"

Hilo ndilo swali nililoulizwa siku mbili, kwa namna tofauti, na sikupata jibu ambalo lilisikika kama la mtu mwenye akili timamu. Aliyenitoa ni Mama Hadija. Alikuja na wanawake kumi na wanne wa bombani, wakakaa chini nje ya ofisi na ndoo zao, wakakataa kuondoka. Aliingia akasema, "Mimi ndiye niliyekuja naye kushtaki. Kama ni mwizi, basi nami mnifunge, maana nimetembea na mwizi mchana kweupe mpaka mlangoni kwenu." Wakaniachia. Kwa Mwalimu kesi ilivutwa, mashahidi wakakosekana ila mimi niliyesaini michoro, wale wawili hawapo, ndege hawapo. Aliachiwa, akaondoka mjini bila kumuaga mtu.

Kuachiwa hakukunirudisha nilikokuwa. Mwenye steshenari aliniambia kwa upole kwamba ile kona anaihitaji. Kuna mtaa ambao mpaka sasa nikipita wananong'ona. Yule bibi hakuniuliza tena kuhusu wakwe zake, na ukimya wake ulinitesa kuliko maswali ya maofisa. Matela mawili yalivunjwa kwa mawe. La kwetu wanawake walilinusuru, kwa masharti ya Mama Hadija: kulabu nizikate mwenyewe, mbele ya wote, na magurudumu yang'olewe ili asije mtu mwingine akaamua njia yake. Nilikata kwa msumeno wa chuma, kulabu moja baada ya nyingine, foleni nzima ikinitazama. Hakuna aliyepiga makofi, na hakuna aliyenitukana. Nilipomaliza Mama Hadija alisogea kwenye benchi akaniachia nafasi.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo.

Ilikuwa Itigi, miaka kadhaa baadaye. Kikundi cha wafuga nyuki kilikuwa kimeniita niwachoree ghala la asali, nami nilikuwa nasubiri treni nirudi. Ilikuwa mchana, treni imechelewa, stesheni imejaa watu na madumu. Alikuwa amekaa kwenye benchi la mwisho, peke yake, vifungo mpaka shingoni, fimbo kati ya magoti.

Nilitaka kupita. Kisha nikaona kwamba nikipita nitalala na swali langu mpaka nife. Nikaenda kukaa upande wa pili wa benchi.

Aligeuka, akakaza macho. "Ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

Shikamoo ilikuwa mdomoni tayari, kwa mazoea ya tangu utotoni. Niliimeza. Aliisubiri, nikaona anavyoisubiri, kisha akakubali kwamba haiji.

"Hujambo?"

"Sijambo."

Akaniambia anakaa kwa binti yake, kwamba macho yanaona ukungu, kwamba asali ya mwaka huu ni nyeusi lakini nzuri. Aliongea kama mtu aliyekutana na mwanafunzi wake wa zamani, na nadhani ndivyo alivyotaka tuwe. Nikamkatiza.

"Nataka unijibu kitu kimoja. Wale watu wa kreti, ulikutana nao lini?"

Mimi miaka yote ile nilikuwa na hadithi yangu. Katika hadithi hiyo tela la kwanza lilikuwa safi. Mzee mmoja mwema alitaka kuwaokoa nyuki na wanawake, akafanikiwa, kisha watu wabaya wakaona ndege wanavyoshuka wakamjia, naye akaanguka, kama watu wanavyoanguka. Nilikuwa nimejifunza kuishi na hadithi hiyo. Usaliti ulikuwa na mwanzo wake, na kabla ya mwanzo huo kulikuwa na kitu kizuri tulichofanya wawili.

"Kabla sijaja kwako," alisema.

"Kabla ya ile karatasi ya mfuko wa saruji?"

"Kabla. Walikuja nyumbani. Walitaka kasuku wa kuuza, na mahali ambapo ndege watashuka kila siku bila woga, na ambapo mtu akionekana anahangaika na kamba hakuna wa kumshangaa. Tena pawe panahama, maana ukitega wavu sehemu moja mara mbili, hawarudi. Nikawaza maji." Alisafisha koo. "Kisha nikakuwaza wewe."

"Kwa nini mimi?"

"Wanawake wa bombani walikuamini. Mimi wangeniuliza maswali."

Watu walipita mbele yetu na mizigo. Mtu mmoja aliuza mayai ya kuchemsha, akatusogezea sinia, akaona nyuso zetu akaendelea.

"Na kazi yote ile?" nilimuuliza. "Daftari? Nyuki? Asubuhi zile ulizokaa na tetere? Ilikuwa nini?"

"Ile ilikuwa kweli." Aligeuka kunitazama, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda, na ilikuwa na fahari. "Mimi nikifanya kitu nakifanya vizuri. Nyuki walipata maji, hawakupata? Wazee walikaa kivulini. Yule mama aliumwa tena na nyuki? Hakuumwa. Niambie kilichokuwa na kasoro."

Nilimtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa anasubiri nimjibu, kama alivyokuwa akisubiri darasani, kichwa kimeinama upande mmoja. Nilielewa kwamba anaamini kabisa, na kwamba hata nikikaa pale mpaka treni ya kesho hakuna nitakachomweleza akakiona. Na nililolitaka mimi, kwamba aseme jina langu na neno pole katika sentensi moja, halikuwa limempitia akilini hata siku moja.

Treni ikapiga honi kule mbali. Watu wakaanza kusukumana kuelekea ukingoni. Mwalimu akapeleka fimbo mbele, akajaribu kuinuka, magoti yakakataa. Akanyoosha mkono upande wangu bila kunitazama, kwa uhakika wa mtu anayejua utashikwa.

Nilimshika chini ya kwapa nikamwinua, kama ambavyo ningemwinua mzee yeyote stesheni. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Alipokwisha kusimama sawasawa niliachia mkono.

"Safari njema, mzee," nilimwambia, nikachukua mfuko wangu nikaenda kupandia behewa la nyuma.